Nilichoandika Kwenye Fomu ya Kondo

Siku mliyoniaga pale yadi mlisema mengi mazuri, na baadhi yake nilitamani yangekuwa kweli. Mmoja wenu alisimama na chupa ya soda mkononi akatangaza kwamba kwa miaka yote ya kazi Mzee Maganga hajawahi kumkabidhi mteja gari bovu. Nikaangalia chini. Wenzangu wawili wa zamani nao wakaangalia chini, ila wao walikuwa wanaficha kicheko. Baadaye mkaniomba niwaandikie namna kazi inavyofanywa. Nimekaa na daftari hili wiki mbili, na nimeona sina njia nyingine ya kueleza namna kazi inavyofanywa isipokuwa kueleza nilivyoiharibu.

Kwa atakayesoma bila kutujua: sisi ni ofisi ndogo ya kukodisha magari hapa Tabora, mtaa wa Kanyenye, magari sita tukiwa na heri, manne siku za kawaida. Wateja wengi ni watu wa likizo wanaotaka kujiendesha wenyewe kwenye njia ya zamani ya misafara, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza mpaka Ujiji, ziwani. Kazi yangu ilikuwa kukabidhi gari linapotoka na kulipokea linaporudi. Mgeni mmoja alifika akiwa ametoka kwenye kisiwa cha volkano, mahali fulani penye joto, ambako alikodi gari asubuhi akakizunguka kisiwa chote na kurudi kwa chakula cha jioni. Akaniuliza Tabora inazungukwa kwa saa ngapi, na mlima unaotoa moshi uko upande gani. Nikamwambia moshi tunao, wa kukausha tumbaku, na kuhusu kuizunguka Tabora aanze tu na asitusubirishe chakula.

Nilianza kazi nikiwa na leseni mpya na kiburi cha zamani. Mwenye ofisi wakati huo alikuwa Mama Zuwena, mjane wa Kiarabu wa hapa hapa mjini, aliyeachiwa na marehemu mumewe magari mawili na madeni ya kutosha. Siku ya kwanza alinipa karatasi yenye mchoro wa gari, mbele, nyuma na ubavuni, akaniambia nilikague gari jeupe lililokuwa linasubiriwa na mama mmoja wa Kizungu. Nililizunguka mara tatu taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Nikaweka alama za vyema kila mahali. Tairi la akiba nililiona kwa mbali nyuma, kitu cha mviringo kimefunikwa turubai, nikaandika: lipo.

Lilikuwa gunia la karanga la fundi wetu. Mgeni alipata pancha karibu na Urambo, akafunua turubai, akakaa kando ya barabara na gunia lake. Alirudi kesho yake kwenye lori la tumbaku, na kusema kweli hakuwa amekasirika. Alisema karanga zilikuwa tamu. Aliyekasirika ni Mama Zuwena, na fundi, kwa sababu gunia lilikuwa limepungua.

Baada ya hapo Mama Zuwena alinifundisha mwenyewe. Alikuwa anatandika mkeka chini ya gari, analala chali na buibui lake, tochi mdomoni, na kunivuta kwa shati nilale pembeni yake. Alinifundisha kugonga matairi kwa kipande cha nondo na kusikiliza mlio. Alinifundisha kutembea na kitambaa cheupe mfukoni na kukipitisha nyuma ya kila gurudumu, kwa ndani, kwa sababu jicho halioni unyevu palipo na vumbi lakini kitambaa kinauona. Mwisho alinifundisha mzunguko, ambao nanyi mnaufanya mpaka leo: mteja anaendesha kutoka yadi hadi mtaa wa Chemchem na kurudi, mkaguzi amekaa kando yake kimya.

"Unyamaze," aliniambia. "Mtu akiendesha na mwenzake kanyamaza, atasema mwenyewe anachokisikia. Na akisema kitu, andika alivyokisema. Kufikiri utafikiri baadaye."

Kitambaa nilikiweza. Nondo niliiweza. Kunyamaza kulinishinda.

Sitawachosha na kila kosa. Kuna lile la bwana aliyerudisha gari nikaandika "safi ndani na nje" bila kuinua kiti cha nyuma, ambako ndoo ya asali aliyoinunua njiani ilikuwa imemwagika. Nyuki waliligundua kabla yangu. Kwa siku nne hakuna aliyeweza kuingia yadi isipokuwa kwa mbio, na mteja mmoja alisaini makabidhiano akiwa amefunga dirisha la ofisi, karatasi tukimpenyezea chini ya mlango. Nilijifunza kuinua viti. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kila kitu: baada.

Mama Zuwena alipofariki, ofisi ikashikwa na Seif, mtoto wa dada yake, ambaye nanyi mnamjua. Kufika hapo mimi nilikuwa mkaguzi wa siku nyingi, naogopwa na madereva, na nilikuwa nimeanza kujiamini. Hapo ndipo anapoingia Kondo.

Kondo alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Dar es Salaam, Mzaramo wa kwao kabisa, mfupi, mnene wa wastani, na sauti ya darasa lenye wanafunzi themanini. Binti yake ameolewa hapa Chemchem, kwa hiyo kila mwaka alikuja na mkewe, Bi Mwanahawa, kuona wajukuu, na kila mwaka alikodi kwangu gari la siku mbili tatu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wazee wanasema utani huo ulianzia kwenye misafara, babu zetu waliposhuka pwani na kupita kwao. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watoto wako, akakuvua kofia akaivaa yeye, akala chakula chako ukitazama, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Mimi na Kondo tuliufanya kwa bidii. Sijawahi kuwa na rafiki aliyenitukana vizuri kama yeye, na nasema wazi kwamba nilimpenda.

Mwaka ule alikuja kukodi gari la wiki nzima. Yeye na Bi Mwanahawa walikuwa wameahidiana tangu uchumba kwamba siku moja wataliona Ziwa Tanganyika pamoja. Ikawa watoto, ikawa shule, ikawa nyumba ya kujenga, mpaka wote wawili wakastaafu. Safari hii, alisema, wanakwenda.

"Umenitengea gari au banda la kuku?" akauliza akiingia getini.

"Banda la kuku ndiko ulikozaliwa," nikamjibu. "Hili ni gari. Ukiona kitu chenye magurudumu usishtuke."

"Nanusa harufu ya michembe humu ndani, vile viazi vyenu vya kukausha."

"Michembe hiyo ndiyo iliyowalea watu wenye akili."

Bi Mwanahawa akavuta kiti akakiweka kivulini. "Mkimaliza kutukanana mtaniita," akasema, akafungua mfuko wake akaanza kumenya chungwa.

Kitambaa cheupe siku hiyo kilibaki mfukoni. Sina sababu ya kuwaambia. Nilikuwa natafuta tusi la kumjibu, na mtu hawezi kutafuta tusi zuri akiwa amelala chini ya gari.

Tukaondoka kwenye mzunguko. Kwenye tuta la kwanza Kondo akakanyaga breki, akakunja uso. "Mtani, gari hili likikanyagwa breki linakwenda kushoto."

"Linaona haya kuendeshwa na wewe. Linatafuta pa kujificha."

Akacheka. Karibu na Chemchem akakanyaga tena. "Nakwambia kweli. Linavuta kushoto."

"Na mimi nakwambia kweli. Watu wa pwani mmezoea kukaa barazani. Chochote kinachotembea mnaona kinatembea vibaya."

Hapo alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja, na mimi nikajiona bingwa. Tuliporudi yadi nikafungua fomu. Palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Maelezo ya mteja", ambayo kwa wateja wengine nilikuwa naijaza kwa mwandiko wa heshima. Kwa Kondo nikaandika hivi, neno kwa neno: *Mteja ni Mzaramo. Hajazoea barabara isiyo na mnazi. Gari halina tatizo, tatizo limeshika usukani.*

Akaisoma, akacheka tena, akasaini. Bi Mwanahawa naye akaomba asomewe. Hakucheka sana. Alimtazama mumewe akasema, "Sasa hilo la kushoto ameliandika wapi?" Sisi wawili tukamwambia apande gari, ziwa linakauka.

Walipofika Urambo Kondo akanipigia simu. Alianza na tusi, kama kawaida, halafu akasema breki zimezidi kuvuta, na kwamba amekuwa akienda polepole. Nikamwambia akifika Ujiji awasalimie samaki, maana ndio watakaomwelewa. Nilisikia sauti ya Bi Mwanahawa kwa nyuma: "Mwambie hatutanii." Na hilo pia nikalicheka. Nikakata simu nikamsimulia fundi, naye akacheka.

Alasiri simu ikalia tena. Alikuwa Bi Mwanahawa.

"Maganga, tumepata ajali."

Nawaambia jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu: nilikaa kimya nikisubiri sehemu ya kuchekesha ije.

"Umenisikia? Tumepita Kaliua kidogo. Mguu wa Kondo umevunjika."

Nilichukua gari lililokuwa karibu. Nikiwa barabarani Seif akanipigia. Aliuliza fomu iko wapi, nikamwambia ninayo mfukoni. Akaniomba nimsomee. Nilisoma kwa aibu, na yeye akasema, taratibu kabisa, "Basi hakuna neno. Fomu haisemi breki, na mteja ameisaini. Askari akiuliza, mpe fomu. Usiongeze kitu. Hujadanganya mtu."

Nililifikia gari kabla ya kufika kwa majeruhi. Lilikuwa limeingia mtaroni upande wa kushoto, pua imegonga ukingo wa kalavati. Watu waliokuwa wamekusanyika walinieleza: mtu wa baiskeli mwenye magunia ya mkaa alikata barabara, mzee akakanyaga breki, gari badala ya kusimama likageuka lenyewe. Yule wa baiskeli alikuwepo, mzima, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nikatoa kitambaa cheupe, nikalala chini, nikakipitisha nyuma ya gurudumu la mbele la kulia. Kikatoka kimelowa. Mafuta ya breki yalikuwa yanavuja pale siku nyingi, kwa hiyo gurudumu la kulia lilikuwa halishiki, na la kushoto lilikuwa linashika peke yake. Ingenichukua dakika moja kuligundua, pale yadi, kivulini.

Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Niliogopa. Kitu cha kwanza nilichokiogopea kilikuwa kazi yangu, na mguu wa Kondo ukaja wa pili. Siwezi kuupanga upya mtiririko huo sasa hivi ili nionekane mtu mwema.

Kwenye kituo cha afya nilimkuta amelala, mguu umefungwa mbao kutoka pajani hadi kifundoni, wakisubiri gari la kumrudisha Tabora. Bi Mwanahawa alikuwa na plasta kwenye paji la uso. Pembeni ya kitanda alisimama askari wa usalama barabarani, mwanamke mmoja mwembamba mwenye daftari. Kwa desturi yetu, mtani akiwa mgonjwa unaingia na tusi: unamuuliza kwa nini bado anapumua, unamwambia umekuja na mbao za jeneza. Nilikuwa na moja tayari, nimelitunga tangu Urambo. Nikafungua mdomo.

"Karibu, Bwana Maganga," akasema Kondo. "Pole na safari. Asante kwa kufika."

Tangu tufahamiane hakuwahi kuniita bwana. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua pa kushika. Alisema kama anavyosema mtu kwa karani wa benki. Lile tusi langu nililimeza, na nadhani bado liko tumboni.

Askari akamgeukia. Alimwambia kwa upole kwamba kwa maelezo ya mashahidi, gari lilitoka barabarani lenyewe, na itambidi aandike uendeshaji wa uzembe, jambo ambalo litampeleka mahakamani mguu ukipona. "Ulisema gari lilikuwa na tatizo kabla. Kuna mtu ulimwambia?"

Kondo hakunitazama. Alitazama dari. "Nilisaini kwamba liko sawa," akasema.

"Bwana wa ofisi, unayo fomu?"

Nikaitoa. Askari akaisoma kimya, uso haubadiliki. Akaisoma tena. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine.

"Hii ni nini?"

"Ni utani, afande."

"Kwenye fomu ya ukaguzi?"

"Ndiyo, afande."

"Nisomee. Labda mimi nasoma vibaya."

Nikasimama katikati ya wodi, mtu mwenye mvi, nikasoma kwa sauti: mteja ni Mzaramo, hajazoea barabara isiyo na mnazi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka, akatazama mguu wa Kondo, akanyamaza. Nilipofika kwenye "tatizo limeshika usukani" sauti ilinikatika, nikalazimika kuanza upya sentensi ile, kwa hiyo waliisikia mara moja na nusu.

Maneno ya Seif yalikuwa bado sikioni. Ningeweza kuirudisha fomu mfukoni na kunyamaza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kunyamaza kungenifaa. Nikamtazama Bi Mwanahawa. Alikuwa ameshika miwani ya mumewe iliyovunjika, anajaribu kuunganisha mkono wa miwani hiyo kwa plasta iliyobaki.

"Aliniambia," nikasema. "Mara mbili kwenye mzunguko, na mara ya tatu kwa simu kutoka Urambo. Alisema linavuta kushoto. Nilidhani ananitania. Gurudumu la mbele la kulia linavuja, nimelipitishia kitambaa sasa hivi. Hiki hapa."

Nikamkabidhi kitambaa. Sijui nilitegemea akifanye nini. Alikishika kwa ncha za vidole, akaandika muda mrefu kwenye daftari lake, kisha akanitaka nisaini, na kabla ya kunipa kalamu akaniambia, "Andika jina tu." Kondo hakupelekwa mahakamani.

Nilimwomba radhi. Nilimwomba kwa maneno ya kawaida, maana ya utani yalikuwa hayafai. Akasema, "Yamekwisha, Bwana Maganga. Mungu atujalie afya." Nilipotoka Bi Mwanahawa alinifuata mpaka mlangoni akanipa lile chungwa lililokuwa limebaki kwenye mfuko, na hadi leo sijui kama lilikuwa la huruma au la kuniondoa.

Seif aliniondoa kwenye makabidhiano msimu mzima wa mvua, nikawa naosha magari. Kuosha magari Tabora wakati wa mvua ni kazi ya kumfundisha mtu unyenyekevu: unamaliza, yanatoka getini, yanarudi mekundu. Hakunisemesha, ila aliniita siku moja akaniambia nitengeneze fomu mpya. Ile mistari mitatu ya "Mteja amesema", mnayoilalamikia kwamba inachosha na hairuhusu mkaguzi kuongeza neno lake, ilitoka kwenye mguu wa Kondo. Na kipengele cha kitambaa, ambapo lazima kitambaa kibanwe na pini kwenye fomu, nilikiweka kwa sababu najijua.

Sasa niwaambie kilichoniuma kuliko kuosha magari. Mguu wa Kondo ulipona ukiwa mfupi kidogo, akawa anatembea na fimbo. Ziwani hawakwenda. Nilikuwa nikimpigia simu kila mwezi, na kila mara nikijaribu kurusha tusi, dogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. "Mtani, mguu umeshaota mnazi?" Naye ananijibu, "Unaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nyumbani hawajambo?" Mwaka uliofuata alikuja kuona wajukuu, akapita yadi kunisalimia. Alikaa kwenye kiti dakika kumi, akauliza habari za kazi, habari za mvua, habari za familia. Akaniaga kwa kunipa mkono. Hakugusa kofia yangu, ambayo nilikuwa nimeivua na kuiweka mezani karibu naye makusudi. Nilimtazama akichechemea kuelekea getini, nikaingia stoo ya vipuri nikajifungia, na waliokuwepo watawaambia nilitoka macho mekundu nikasingizia petroli.

Mtu asiye na watani hawezi kuelewa. Ukimkosea ndugu mnaitwa kikao. Ukimkosea jirani unapeleka kuku. Mtani hana kikao, kwa sababu utani wenyewe ndio ungemaliza jambo, na huo ndio niliokuwa nimeuvunja. Niliona nitastaafu hivyo, nikiitwa bwana.

Kiangazi cha mwisho kabla sijastaafu, mama yangu alifariki. Alikuwa mzee sana, anaishi Chemchem nyumba ya tatu kutoka kwa binti wa Kondo, na aliondoka usingizini. Siku ya mazishi nilikuwa sijalia. Nilikuwa na orodha: turubai, viti, maji, chakula cha wanakwaya, na nilikuwa nakagua kila kitu na kukiwekea alama ya vyema, kwa sababu ndicho ninachojua. Mchungaji akamaliza sala uani, vijana wakainama kulishika jeneza. Ndipo pakatokea kelele getini.

Kondo alikuwa ameweka kiti katikati ya geti, ameketi, fimbo imelala magotini. Ametoka Dar kwa basi usiku kucha, vumbi bado kwenye mabega. Bi Mwanahawa alikuwa nyuma yake amejifunga kanga mbili, mikono kiunoni.

"Maiti haipiti!" akapaza ile sauti ya darasa.

Watu wakanong'ona, "Mtani kafika." Waliojua walianza kutabasamu. Vijana wakaliacha jeneza. Mchungaji, mtoto wa hapa hapa, akafunga kitabu chake akasogea pembeni bila kuambiwa. Msibani mtani ana haki yake. Huzuia jeneza mpaka apewe kitu, na kwa kawaida ni noti au kuku. Mjomba akamnyooshea noti. Kondo akaiangalia kama takataka.

"Sitaki noti! Namtaka huyu!" Fimbo ikaninyookea. "Huyu Mnyamwezi ameuvunja mguu wangu, halafu amenitukana kwa wino! Wenzake hutukana kwa mdomo, yeye anatafuta karatasi ya ofisi! Mguu wangu mmoja mfupi, kaburi liko mbali. Nitafikaje? Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, miguu mitupu, na hawakuangusha hata moja. Yeye atanibeba mimi mpaka kaburini. Asiponibeba, bibi huyu harudi kwa Mungu, anabaki hapa anampikia!"

Watu waliangua kicheko, msibani, wanawake wakiwa na machozi usoni. Shangazi zangu wakapiga makofi. Mtu fulani akaniambia, "Baba, inama." Nikavua koti nikampa mke wangu. Nikaenda getini, nikageuza mgongo, nikachuchumaa. Nilisikia Bi Mwanahawa akimwambia polepole, "Angalia goti lake, naye mzee," na Kondo akamjibu, "Mpagazi hana goti." Kisha mikono ikanizunguka shingoni.

Nikasimama kwa shida. Nilikwenda hatua tatu nikayumba, umati ukaguna, fimbo ikanigonga ubavuni. "Mwendo gani huu? Mama yako alikulisha nini?" Nilitaka kumjibu. Nilitafuta tusi, hata bovu, hata la zamani, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kilio. Nililia kwa sauti, mbele ya mtaa mzima, kwa ajili ya mama na kwa ajili ya yote, mwanamume wa miaka sitini amebeba mwalimu mgongoni. Kondo akaacha kupiga kelele. Akaegemeza kidevu begani kwangu na kusema chini chini, ili asisikie mwingine, "Lia, mtani. Lia, nimekushika."

Nyuma yetu vijana wakaliinua jeneza, kwaya ikaanza, na msafara wote ukatufuata. Kutoka pale hadi makaburini si karibu. Sijawahi kubeba kitu kizito namna ile, na nilipofika sikutaka kukitua.